Muganga asipokuwa pa kazi, ni nani anajibia?

Kuko neno ambalo jamaa nyingi za wachimbaji hapa Kabondo zinalijua kwa moyo: «Muganga hayupo, murudi kesho.» Saa zingine wanalisikia hapa hapa muji, mbele ya mulango wa kituo cha afya. Saa zingine linatoka mbali, kwa simu, toka kariere za Banalia, Bafwasende ao Opala, pale ambapo rezo inashika juu ya kilima kimoja tu: «Ndugu anaumwa sana. Kituo kiko, lakini hakuna mutu ndani. Mututumie dawa.» Basi mama anaingia farmasi, anaeleza ugonjwa ambao hajauona kwa macho, ananunua sindano kwa kukisia, anapatia mutu wa moto, kisha anabaki anaangalia simu usiku muzima.

Tumezoea neno lile kama vile tumezoea mvua. Lakini muganga wa serikali hatoki mbinguni. Kuko mutu aliyetia sahihi ili atumwe kule, kuko biro inayoshika jina lake kwenye liste, kuko mwingine anayelipwa ili apite kuangalia kama yuko pa kazi. Ukifuata kamba ile toka kitanda cha mugonjwa mpaka Kinshasa, unakuta milango mingi, na kila mulango una mwenyewe. Shida yetu ni kwamba hatugongi. Ao tunagonga kwa muuguzi peke yake, tunamutukana, na wakubwa wake wanalala vizuri.

Panga, mwaka 2021

Wachimbaji wa Tshopo hawahitaji kutafuta mufano Ulaya. Mwezi wa 6 mwaka 2021, katika Panga, zoni ya afya ya Banalia, watu wa machimbo walianza kufa. Homa kali, kichwa kinauma, shingo inakazana, mutu anasema maneno yasiyoeleweka, kisha anakwisha. Vifo vilianza mwezi wa 6. Serikali ilitangaza rasmi kwamba ni ugonjwa wa meningiti mwanzo wa mwezi wa 9. Vipimo vilivyotoa jibu vilifanyiwa Paris, kwenye Institut Pasteur. Siku ile ya kutangaza, hesabu ilikuwa hivi: watu 261 walizaniwa kuwa na ugonjwa, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Karibu mutu mumoja kwa wawili.

Kisha gari zilianza kufika, waganga na dawa wakapelekwa, chanjo ikafuata. Kwa mwisho wa ugonjwa ule, hesabu yote ilikuwa watu 2.662 waliozaniwa kuwa nao, na wafu 205. Mufanye hesabu wenyewe. Mbele ya kutangaza: wafu 129 kwa wagonjwa 261. Nyuma ya kutangaza: wafu 76 kwa wagonjwa 2.401, ni kusema karibu watatu kwa kila mia.

Ni kweli, hesabu ya mwanzo haiwezi kuwa kamili. Kule pori, mugonjwa anayepona kwake nyumbani haandikwi na mutu, anaandikwa ule aliyekufa. Lakini hata tukiondoa kosa lile la hesabu, tofauti inabaki kubwa mno, na haikuletwa na mashine ya ajabu. Meningiti ya namna ile inatibiwa na antibiotike ambazo zinajulikana, kama ceftriaxone, sindano ambayo mutu anaweza kukuta kwenye farmasi za Kisangani. Kitu kilichochelewa ni mutu wa kusema: «Huu si malaria, huu ni ugonjwa mwingine,» na wakubwa wa kumusikia haraka.

Kwa maana sheria ya kazi iko wazi. Kila juma, kituo cha afya kinapashwa kutuma kwa biro ya zoni hesabu ya magonjwa yanayoweza kuenea: kolera, shurua, meningiti, mpox na mengine. Biro ya zoni inapeleka kwa jimbo, jimbo linapeleka Kinshasa. Ni kama vile kamba ya kushuka ndani ya shimo: ikikatika pahali pamoja, hata kama pengine pote ni nguvu, mutu wa chini haonekani. Sitaki kusema ni nani alikata ile kamba kwa Panga, maana kufanya hivyo bila ushahidi ni kumutupia muuguzi wa pori mizigo ya wengine. Lakini miezi mitatu ni miezi mitatu, na kila mwenye kiti katika ile kamba angepashwa kuja mbele ya watu aseme: mimi nilipata habari tarehe fulani, na nilifanya hivi.

Muuguzi anakula wapi?

Mutu anayetaka kujua sababu kituo kinabaki bila mutu, aanze na swali hili la tumbo.

Mufanyakazi wa afya wa serikali anapashwa kupata feza za namna tatu. Ya kwanza ni mushahara wenyewe, unaotoka Kinshasa. Ya pili ni ile inayoitwa prime de risque, feza ya hatari ya kazi, nayo inatoka Kinshasa. Ya tatu ni prime ya pahali, ambayo inakatwa kwenye feza wagonjwa wanazolipa pale kituo. Ili kupata ile mbili ya kwanza, lazima mutu awe na matrikule, kisha jina lake liingizwe kweli kwenye mashine ya mishahara. Hapo ndipo watu wanaoza. Muuguzi anaweza kuwa na barua ya kutumwa, blouse nyeupe, funguo ya kituo, na miaka mingi ya kazi, bila Kinshasa kumulipa hata franga moja. Wanaitwa «nouvelles unités», wapya, hata kama mumoja amekwisha kuota mvi. Wengine wanapata prime bila mushahara. Wengine hawana kitu.

Kwa hiyo, anayemulisha muuguzi ni mugonjwa. Mugonjwa akikosa, hakuna chakula. Hapa wachimbaji wataelewa kuliko wengine, maana ni sheria ileile ya shimo: PDG asipolisha ekipe yake, ekipe inaondoka, inaenda shimo la jirani, na hakuna mutu atasema wachimbaji wale ni wabaya. Muuguzi wa kariere asiyelipwa anafanya shamba, anafungua farmasi yake ndogo, ao anarudi Kisangani kutafuta pahali pa kujaza feza. Ule anayebaki, anabaki kwa njia moja: kuuza. Anauza serumu kwa mutu aliyehitaji vidonge tu, anaomba «feza ya gants», anaandika sindano tano pale mbili zingetosha. Tunalalamika juu ya beyi, na tuko na haki ya kulalamika. Lakini beyi ile ni mushahara ambao serikali imekataa kulipa, umepita tu mulango mwingine ili ututoke sisi.

Kuko jambo lingine ambalo linakasirisha. Kisangani si muji uliokosa watu wa kusoma. UNIKIS ina fakulte ya uganga, ISTM inafundisha wauguzi, kila mwaka wanatoka vijana wenye diplome. Wengi wanabaki hapa muji, katika Makiso, Mangobo, Kabondo, wakingoja matrikule, wakizunguka hospitali moja kwa ingine. Hapa liste ya wafanyakazi inakuwa ndefu, wauguzi wengi wanagawanya prime ndogo ya pahali. Kule mbele, kwenye barabara mbaya, kuko kituo ambacho mutu mumoja anazalisha, anachanja, anaandika raporo, anafagia. Siku ile mutu ule anaenda Kisangani kufuata prime yake, kituo kinafungwa. Na saa zingine ndiyo siku mwana wa mutu anapata homa.

Kumuhamisha muganga toka pahali wako wengi mpaka pahali hakuna, hiyo si kazi ya Mungu. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kipengele cha 204, inaweka mambo ambayo jimbo peke yake linaamua. Kati yao iko hii: kutuma wafanyakazi wa uganga pahali pa kazi, kufuatana na sheria za wafanyakazi wa serikali. Ni kusema Kinshasa inalipa, lakini jimbo linatuma. Mukubwa wa jimbo akituambia «hii ni mambo ya Kinshasa», amesema nusu ya ukweli, na nusu ile ingine iko ndani ya biro yake.

Milango yenyewe

Congo yote imegawanywa katika zoni za afya 519. Tshopo iko na 23. Muji wa Kisangani una tano: Kabondo, Lubunga, Makiso-Kisangani, Mangobo na Tshopo. Kila zoni ina hospitali kuu moja, na vituo vya afya ambavyo kila kimoja kinaangalia mutaa wake. Hospitali kuu, kwa sheria, inapashwa kuwa na kazi ine za musingi: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Kwa hiyo mukaaji wa Kabondo akifika kwenye hospitali kuu ya zoni yake na kuambiwa kwamba upasuaji haufanyike wiki hii sababu hakuna wa kulalisha wagonjwa, si bahati mbaya yake. Ni moja ya kazi ine ambayo imekosa, na kuko mutu wa kuulizwa.

Mulango wa kwanza uko karibu kuliko tunavyowaza. Kila kituo cha afya kinapashwa kuwa na komite ya wakaaji, inayoitwa CODESA. Wamo watu wa mutaa wenyewe, wanachaguliwa na watu wa mutaa, na kazi yao si kubeba maji siku ya chanjo tu. Wanapashwa kukaa kila mwezi pamoja na muuguzi mukubwa wa kituo, waangalie feza iliyoingia, iliyotoka, dawa zilizofika toka CAMEKIS ao kwa miradi, na dawa zilizobaki. Mutu akitaka kujua kwa nini kituo kinakosa dawa tarehe 10 ya mwezi wakati karto zilifika tarehe 2, ni pale.

Sasa nani kati yetu anajua jina la mukubwa wa CODESA ya mutaa wake? Hapo mimi naona tuna deni letu. Uchaguzi wa mukubwa wa kooperative tunaufuata na kelele, tunahesabu kura moja moja. Ule wa komite ya afya unapita kimya, wanachagua mzee ule ule, ao muuguzi mwenyewe anajichagulia watu ambao hawatamuuliza kitu. Wachimbaji wanaoenda pori miezi mitatu wanaweza kusema hawana nafasi. Wake zao wako hapa, na wao ndio wanaopanga mustari na mutoto mugongoni. Wanajua kituo kuliko mutu yeyote.

Juu ya kituo kuko biro ya zoni na mukubwa wake, médecin chef de zone. Huyu ndiye anayepashwa kuzunguka vituo, kuangalia nani yuko na nani hayupo. Juu yake kuko Division provinciale de la Santé, inayoshika liste ya wafanyakazi wa jimbo zima, na pembeni yake Inspection provinciale, ambayo kazi yake ni kukamata makosa: dawa zilizopita wakati, waganga wa uongo, feza zinazokatwa bila karatasi. Kisha waziri wa jimbo anayeshika afya, na gavana.

Mulango huu wa mwisho una shida yake, kiti hakikai moto kwa mutu mumoja. Toka 2019 mpaka 2024, Tshopo imeona Louis-Marie Wale, kisha Maurice Abibu kwa kushika nafasi, kisha Madeleine Nikomba mwaka 2022, kisha Paulin Lendongolia mwaka 2024. Kila mara serikali ya jimbo inapobadilika, mawaziri wanabadilika, na mupya anasema: «Tunajifunza dosye.» Mugonjwa hangoji dosye. Ndiyo sababu ni vizuri maswali yaandikwe na yatiwe muhuri, maana maneno ya mudomo yanaondoka pamoja na ule aliyesikia, lakini karatasi yenye tarehe inabaki kwenye biro na inamungojea anayekuja.

Wabunge wa jimbo nao wasijifiche. Sheria namba 08/012 ya tarehe 31 mwezi wa 7 mwaka 2008, juu ya uongozi wa majimbo, inawapatia njia za kuuliza serikali ya jimbo: swali la kuandika, swali la mudomo, kuita waziri aje ajibu. Wakati wa kampanye wanakuja Kabondo na kitambaa na muziki. Mbunge akija tena, tumuulize kitu kimoja kidogo: mwaka huu, umemuuliza waziri wa afya mara ngapi, na alijibu nini?

Na Kinshasa? Mwezi wa 4 mwaka 2001, katika Abuja, wakubwa wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya feza ya serikali kwa afya. Congo haijafika pale. Na mara nyingi hata feza iliyoandikwa kwenye bajeti haitoki yote. Vile vile Katiba, kipengele cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa inayoenda kwa majimbo ikatwe pale pale inapopatikana. Kwa kweli feza inapanda kwanza Kinshasa, kisha inarudi kwa vipande na kwa kuchelewa. Gavana akilia juu ya hiyo, ana haki. Lakini alie akitushowa karatasi: ilifika ngapi, na kwa afya ilitoka ngapi.

Udongo wetu umelipa

Mara nyingi mutu wa kariere anaingia hospitali ya serikali kama mutu wa kuomba. Anavua kofia, anasema «samahani dokta». Heshima ni nzuri. Lakini ajue kwamba amelipa tayari.

Sheria ya machimbo ya mwaka 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018, inagawanya feza ya redevance, inayolipwa na kampuni zenye haki ya kuchimba, kwa sehemu ine: 50 kwa mia zinaenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, shefri ao komini ambamo mgodi uko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Juu ya dhahabu, redevance ni asilimia 3,5. Tena kampuni zinapashwa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Kwa hiyo pahali ambapo kampuni inafanya kazi, kituo cha afya kisicho na kitanda ni jambo la kumuuliza mukubwa wa sekta, si la kungojea wamisionere.

Mutu anayechimba kwa mikono halipi redevance ile. Analipa njia zingine: karte ya muchimbaji, kooperative, na takse ambazo négociant anazikata mapema kwenye beyi anayompa. Kisha kuko bariere. Feza ya bariere isiyo na karatasi haifiki kwenye kaisi yoyote ya hospitali, tusijidanganye. Ukitaka udongo wako umulipe muganga, anza kukataa kulipa bila karatasi. Najua kule pori mbele ya bunduki maneno haya ni mepesi kuandika kuliko kufanya. Pale ambapo kooperative iko na nguvu, inaweza kufanya kwa jina la wote.

Yale ambayo hulipi

Wengi wanalipa kwa kutojua. Chanjo za watoto ni bure. Dawa za kifua kikuu ni bure, na hii inawahusu wachimbaji sana, maana mutu anayekula vumbi la mawe miaka mingi na kulala watu kumi katika hema moja, kikohozi chake si cha kuchezea. Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, omba upimwe makohozi. Matunzo ni ya miezi sita, na mutu anayeacha katikati kwa sababu amerudi kariere anajiharibia yeye na wale anaolala nao. Aseme mapema kwa muuguzi kwamba anaondoka, ili wamupange kuendelea kwenye kituo cha kule anakoenda. Dawa za ukimwi nazo ni bure.

Juu ya uzazi, serikali ilianzisha mupango wa kuzaa bure Kinshasa tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2023, kisha ikaanza kuupeleka jimbo kwa jimbo. Unagusa kuzaa kwa kawaida, kupasuliwa, na matunzo ya mutoto aliyezaliwa sasa. Lakini si kila nyumba ya uzazi iko ndani: lazima iwe kwenye liste ya mupango. Mama mwenye mimba aulize mapema, mbele ya mwezi wa mwisho: «Hapa banazalishaka bure, ao hapana?» Hospitali yenyewe inangoja serikali irudishe feza. Ikichelewa, kaisi inakauka, na faktire inaanza kurudi polepole kwa jina lingine: feza ya fishe, feza ya pamba, feza ya mafuta ya jenereta.

Hapa kuko desturi moja mbaya, inayojulikana inchi yote: kumufungia mama na mutoto ndani ya hospitali mpaka bwana atume feza toka kariere. Juma moja, juma mbili, faktire inapanda kila siku kwa sababu kitanda nacho kinahesabiwa. Congo iliingia mwaka 1976 katika mapatano ya dunia juu ya haki za raia, ambayo yanasema mutu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni la mapatano. Hospitali iko na haki ya kudai, iandike deni, iweke tarehe, imuite mume. Haina haki ya kugeuka gereza. Wauguzi watasema: «Tukibaachilia bote, tutakula nini?» Na hilo ni swali la kweli, tumekwisha kulisema juu. Lakini wampelekee Kinshasa faktire ile, wasimupelekee mama wa siku tatu.

Barua ya miezi mitatu

Tufike kwa silaha ambayo wengi hawaijui. Kipengele cha 27 cha Katiba kinasema kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, ana haki ya kuandikia mukubwa wa serikali barua ya madai, na mukubwa yule anapashwa kujibu katika miezi mitatu. Kinaongeza kwamba hakuna mutu atakayeshitakiwa kwa namna yoyote kwa sababu ya kufanya hivyo. Kipengele cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Hivyo viwili vinaenda pamoja.

Barua ya madai haihitaji avoka. Haihitaji Kifaransa kikubwa: Kiswahili ni moja ya lugha ine za taifa, lakini biro zinafanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo mwanafunzi wa mutaa anaweza kusaidia kutia Kifaransa upande mumoja na Kiswahili upande mwingine. Ishike jambo moja tu. Barua inayolalamika juu ya hospitali, maji, umeme, barabara na polisi kwa mara moja haitajibiwa, kila biro itasema ni ya biro ingine.

Jambo moja la kuuliza kwa Kabondo linaweza kuwa hili: wafanyakazi wa zoni yetu ni wangapi kwenye liste, wangapi wana matrikule, wangapi wanapata mushahara, wangapi wanapata prime peke yake, na wangapi hawapati kitu. Namba tano. Zinapashwa kuwa ndani ya biro tayari, hazihitaji mradi wala mzungu. Kwa jamaa zenye watu kule Banalia ao Bafwasende, waulize namba zile zile kwa vituo vya karibu na kariere, na waongeze: mukubwa wa zoni alipita pale mara ya mwisho tarehe gani? Muuguzi mwenyewe hatakataa barua hii. Mara nyingi ndiye wa kwanza atakayetaka kutia sahihi, maana inamuombea mushahara wake.

Pale kituo pia kuko kitu cha kuomba bila barua: beyi zote zibandikwe ukutani, kwa herufi kubwa, na kila anayelipa apewe karatasi. Kituo kinachobandika beyi hakina nafasi ya kukisia kwa kuangalia viatu vya mutu. Wachimbaji wanajua ninachosema: ukifika na buti za udongo na simu nzuri, beyi inapanda.

Kwa barua ile, watu watie majina, mutaa, sahihi ao kidole. Waandike tarehe. Ipelekwe kwa gavana, maana yeye ndiye serikali ya jimbo, na kopi kwa Division provinciale de la Santé, na kopi ingine kwa Assemblée provinciale ili wabunge wasiseme hawakujua. Mutu anayeipeleka aende na kopi moja ya ziada, na asitoke pale sekretaria mpaka wamemutilia juu ya kopi ile muhuri, sahihi na tarehe. Kopi ile ikae kwa mutu anayejulikana, si mfukoni mwa anayerudi kariere kesho. Miezi mitatu inahesabiwa toka tarehe iliyo kwenye muhuri.